Nyimbo Sitini na Moja na Diski Isiyoonekana

Jumapili, 22 Aprili 2007, Villarrica

Mkutano wa maktabani umekwisha. Nina furaha na wasiwasi kwa pamoja. Jumamosi ijayo ndiyo sikukuu yetu: siku moja, bara zima, watu wanabeba kompyuta zao hadi mezani kwetu na sisi tunawawekea Linux, mfumo huria wa kuendeshea kompyuta, bure. Mwaka huu Paraguay haitaachwa nyuma. Hasa Villarrica. Hasa mimi.

Doña Nimia, mkuu wa maktaba ya mtaa, ametoa shauri. Kompyuta yake mwenyewe, aliyoileta hapo maktabani, ndiyo itakayofunguliwa kwanza, mbele ya watu wote. Atakayeiwekea Linux atashika ufunguo wa chumba cha kompyuta mwaka mzima. Ufunguo! Nina miaka arobaini na mitatu, naishi kwa dada yangu Blásida, na sijawahi kukabidhiwa ufunguo wa kitu chochote isipokuwa wa baiskeli, nayo iliibwa.

Kuna sharti. Ndani ya kompyuta hiyo mna nyimbo sitini na moja za kinubi. Marehemu mumewe, don Saturnino, alizipiga jikoni kwao katika mwaka wake wa mwisho. Haziko popote pengine. Doña Nimia alitutazama mmoja mmoja.

"Mkinipotezea hata mmoja, wanangu, msinisalimie tena barabarani."

Nilicheka. Nilikuwa peke yangu.

Mpinzani ni mmoja tu, Digno Cuevas, fundi redio. Hana maneno. Watu wanampenda kwa hilo, wanadhani ukimya ni akili. Leo ndiye aliyekuwa akitumiminia tereré, chai yetu ya majani kwa maji baridi, kikombe kimoja kwa wote. Kikombe cha kwanza kiliponifikia mawazo yalikuwa kwenye ufunguo, nikasema asante. Asante! Kwetu ukisema asante basi umetosheka. Mkutano wa saa mbili, joto la kuchemsha ubongo, na kikombe kinanipita kila mzunguko. Digno angeweza kujifanya hakusikia. Nimeliandika jina lake nyuma ya daftari hili, chini ya wengine.

Jumatatu, 23 Aprili

Mpango ni huu. Kuanzia saa sita hadi saa tisa mchana mji wote unalala. Doña Nimia hufunga maktaba akaenda kwake kujinyoosha, lakini dirisha la nyuma huliacha wazi kwa ajili ya paka. Naingia hapo. Naiweka Linux kimya kimya leo, narudisha kila kitu. Jumamosi nabonyeza vitufe viwili vitatu huku nimekunja uso, na kila mtu anasema, yule Eligio ni moto. Si udanganyifu. Ni maandalizi.

Suruali imechanika kwenye dirisha. Paka ameniona.

Nikaiingiza CD. Kompyuta ikaamka vizuri, maandishi meupe yakamiminika, nikasugua mikono. Halafu ikasimama. Ikasema haioni mashine ya kusomea CD. Haioni! Wewe mwenyewe umeamshwa na hiyo CD, maneno haya unayonisomea umeyatoa humo humo, sasa unaniambia haipo? Nilibishana nayo kwa sauti. Nikaitoa CD, nikaisugua kwa dawa ya meno kama Blásida anavyosugua pete zake. Jibu lilelile, pamoja na harufu ya mnanaa.

Jioni nikaandika kwenye kundi la barua pepe la wapenzi wa Linux. Si kwa jina langu, mimi si mjinga. Nimejiita Rosalba, mjane, watoto wanne. Mjane hujibiwa haraka. Na kweli, mtu mmoja anayejiita Kware alijibu kabla sijamaliza chai. Akasema, kwa adabu kabisa, kwamba huenda CD ilichomwa, yaani iliandikwa, kwa mwendo wa kasi mno, inasomeka mwanzo kisha inajikwaa. Nichome nyingine taratibu.

Nilichoma kwa mwendo wa kasi kuliko yote. Amejuaje?

Jumanne, 24 Aprili

CD mpya, imechomwa polepole kama nyama. Dirisha, paka, kiti. Safari hii ikapita! Mashine ya CD ikaonekana. Diski kuu ya ndani ikaonekana. Skrini ikaniuliza kama nifute kila kitu kilichomo ndani ya diski ili niendelee. Kidole kikawa juu ya kitufe.

Ndipo nilipozikumbuka nyimbo. Kijasho chembamba kilinitoka mpaka kwenye masikio. Bado kidogo tu! Nikaizima kompyuta, nikakaa sakafuni nikipumua, paka akinitazama kama hakimu.

Lakini mtu mwenye akili hakwami. Nitaleta diski yangu mwenyewe kutoka nyumbani, niifunge kando ya ile ya doña Nimia, ninakili nyimbo zote humo, kisha nifute kwa amani. Kwa nini sijasikia mtu akinisifu kwa mawazo kama haya? Diski zenyewe zinafanana kama mapacha, kampuni ile ile, ukubwa ule ule.

Ndani ya diski yangu mna kitabu changu. Sijawahi kumwambia mtu. Linux kwa Watu wa Kawaida, kurasa mia mbili na kumi, miaka minne ya jasho. Nyimbo za don Saturnino zitakaa pamoja na watu wa heshima.

Jumatano, 25 Aprili

Nimekwisha.

Nimeifunga diski yangu kwenye waya bapa uleule, chini ya ile ya doña Nimia. Nikawasha. CD ikazunguka, maandishi yakaja. Kisha: hakuna diski iliyopatikana. Si moja. Hakuna hata moja! Ile yake niliyoiona jana kwa macho yangu, haipo. Yangu, haipo. Nikazima nikawasha. Nikapuliza. Nikaomba kwa Bikira wa Caacupé, nikaahidi kwenda kuhiji kwake kwa miguu mwezi wa Desemba. Hakuna diski iliyopatikana.

Nimemuua don Saturnino mara ya pili.

Sikuthubutu kuchomoa chochote. Nilihisi kila nikigusa wimbo mmoja unakufa. Halafu nikasikia ndara za doña Nimia barazani, saa nane na nusu, mapema! Nikafunika boksi la kompyuta, nikatoka dirishani kwa kichwa. Skrubu moja imebaki mfukoni mwangu. Huwa inabaki moja, sijui kwa nini.

Barabarani nikakutana na Digno anaendesha baiskeli yake. Akapunguza mwendo, akaniuliza kama niko salama, mbona nimepauka. Nikamwambia nimekula tikiti maji na jua likanipiga. Angenijibu swali langu kwa dakika moja, najua. Heri nife kuliko kumuuliza.

Rosalba akamwandikia Kware. Akamweleza yote kwa machozi, machozi yalikuwa ya kweli: diski mbili, waya mmoja, nyimbo sitini na moja za kinubi za marehemu mume wake, hazionekani tena. Akaongeza kwamba hapa mtaani kuna fundi redio mmoja anayejiona, jina lake Digno, ambaye hangemsaidia hata kama nyumba inaungua.

Blásida anasema sijagusa muhogo wangu. Anauliza kama kisa ni mwanamke.

Alhamisi, 26 Aprili

Kware amejibu! Barua ndefu. Anasema Rosalba apumue, nyimbo ziko hai. Nilisoma sentensi hiyo mara sita. Anasema diski mbili kwenye waya mmoja lazima zipangiwe vyeo. Nyuma ya kila diski kuna sindano ndogo ndogo, na juu ya sindano mbili pamevalishwa kipande cha plastiki. Kipande kikikaa hapa, diski ni kiongozi. Kikikaa pale, ni mfuasi. Zote mbili zikijiona viongozi, kompyuta inachanganyikiwa na haimwoni yeyote. Nihamishe kipande cha diski moja tu.

Barua iliendelea chini, mambo ya tahadhari. Nitaisoma baadaye.

Mchana nikaingia na kibano cha nyusi cha Blásida. Ni kweli. Zote mbili viongozi! Nikakishika kipande cha diski yangu, nikakivuta. Kikaruka. Kitu chenyewe ni kidogo kama punje ya mchele. Kikaangukia kwenye chipa, mkate wa jibini niliokuwa naula, katikati ya makombo na mbegu za anisi. Nikatafuta. Nikatafuta tena. Makombo yalikuwa mengi na nilikuwa na njaa ya siku mbili. Nadhani nimekila.

Nikaketi nikalia kidogo. Kisha, kwa kukata tamaa tu, nikaifunga diski bila kipande chochote, nikawasha.

Zikaonekana! Zote mbili, moja juu ya nyingine! Nilimbusu paka. Sasa nasema wazi, mtu wa kawaida angehamisha kipande. Mimi nimekiondoa kabisa. Hiyo ndiyo tofauti kati ya fundi na msanii.

Tatizo dogo. Kwenye orodha diski mbili zinafanana kila kitu. Ya kwanza ni ya nani? Ya pili je? Ilibaki robo saa. Nitanakili kesho.

Tumbo linauma. Blásida amenipa kijiko cha mafuta ya mbarika bila kuuliza sababu.

Ijumaa, 27 Aprili

Siku ya balaa. Nilifika dirishani saa sita na nusu, na nani yumo ndani? Doña Nimia! Hakwenda kwake. Amelala kwenye kiti, kando ya kompyuta, mkono wake umewekwa juu ya boksi. Paka miguuni. Nilisubiri vichakani hadi saa tisa. Sisimizi. Hakuamka.

Kwa hiyo sijanakili hata wimbo mmoja.

Jioni nimepita kwa mlango, kama mtu mwema, kusalimia. Doña Nimia akaniambia kwa furaha kwamba Digno alikuja asubuhi na bisibisi yake, akaipangusa vumbi kompyuta, hakukaa hata nusu saa. Kupangusa vumbi! Nikainama kana kwamba nafunga kamba za viatu, nikatazama boksi. Skrubu zote nne ziko mahali pake. Hata ile iliyokuwa mfukoni mwangu, amepata nyingine. Mtu huyu ana hila isiyo na kifani.

Kaniharibia. Lazima kaniharibia. Nifungue nione? Doña Nimia alikuwa anapanga viti, akaniuliza kama nadhani don Saturnino angefurahi kusikika kesho mbele ya watu wote. Nikasema angefurahi sana. Nikaenda nyumbani.

Jumamosi, 28 Aprili

Naandika upesi kabla sijaanza kukumbuka vizuri.

Watu sitini. Kompyuta juu ya meza kama nyanya sokoni. Mimi nilivaa kitambulisho nilichokichapisha mwenyewe: Eligio Ozuna, Mkuu wa Uwekaji. Doña Nimia mstari wa mbele, amevaa gauni la misa, mikono mapajani. Digno ukutani na mfuko wake wa kitambaa, hana habari, anamimina tereré. Niliomba kuanza. Digno akasema haya, anza wewe. Aliposema hivyo ndipo hasa nilipoogopa.

CD ikazunguka. Nikakunja uso kama nilivyopanga. Skrini ikaleta orodha ya diski.

Diski moja.

Alhamisi zilikuwa mbili! Nilihesabu tena, moja. Ni ipi? Ya nyimbo, au yangu? Shati lilinigandia mgongoni. Ningeweza kusema, ngojeni kidogo, kuna kitu sielewi. Maneno mepesi, hata mtoto anayasema. Nilifungua mdomo. Nikaona watu sitini, nikaona kitambulisho changu, nikaona ufunguo umetundikwa msumarini nyuma ya doña Nimia.

Akaniuliza, taratibu:

"Nyimbo ziko salama, Eligio?"

"Salama kabisa, doña."

Nikabonyeza. Futa kila kitu.

Nimeandika ilivyokuwa. Hakuna mtu atakayelisoma daftari hili.

Dakika thelathini na tano baadaye Linux ikafunguka, safi, ya buluu. Makofi! Mtu wa manispaa akanishika mkono. Kwa muda wa kama dakika moja nilikuwa mtu niliyetaka kuwa siku zote. Kisha doña Nimia akavaa miwani, akasogeza kiti, akasema basi tusikilize wimbo mmoja, wowote.

Nikafungua hapa. Tupu. Nikafungua pale. Tupu. Nikamwambia wakati mwingine nyimbo huchelewa kufika. Alivua miwani akaikunja polepole sana. Watu wakaanza kutazama sakafu. Nilitamani paka angekuwa mahali pangu.

Digno akaweka kikombe chini. Akaja na mfuko wake, akatoa kitu kimefungwa kwa kitambaa cha kufutia vyombo. Diski.

"Hii niliitoa jana, doña, nikipangusa vumbi. Niliogopa nisije nikaitia dosari. Nilipaswa kumwambia Eligio, ikanitoka akilini. Kosa langu."

Kosa lake! Mbele ya watu sitini! Akafungua boksi, kutoka mfuko wa shati akatoa kipande cha plastiki kidogo kama punje ya mchele, akakivalisha nyuma ya diski, akafunga waya. Skrubu zote nne. Akawasha.

Kinubi kikalia. Nyuma yake sufuria linachemka, kifuniko kinacheza. Don Saturnino anakohoa, anaendelea. Halafu sauti ya doña Nimia mwenyewe, yenye haraka, inamuuliza kama muhogo utoke sasa au angoje wimbo uishe. Na sauti ya mzee, bila kuacha kupiga, inasema ngoja kidogo mama, unaisha.

Doña Nimia alijifunika mdomo kwa kiganja. Hakuna aliyesogea mpaka mwisho. Nami nililia, lakini mimi nililia kwa sababu nilikuwa nimeelewa ni diski ya nani niliyofuta. Miaka minne. Kurasa mia mbili na kumi. Kidole kimoja.

Ufunguo umekwenda kwa Digno. Doña Nimia amemvalisha shingoni kwa utepe. Mimi ameniambia tutaonana barabarani, Eligio. Sijajua ni onyo au salamu. Nimeamua ni salamu.

Mchana kutwa tuliweka Linux kwenye kompyuta ishirini na tatu. Digno aliniweka meza ya pembeni yake. Alinimiminia tereré zamu baada ya zamu. Sikusema asante hata mara moja, na kikombe kikawa kinarudi.

Jumapili, 29 Aprili

Nimetafakari. Nimelala vizuri na sasa naona mambo yalivyo.

Kwanza, Linux iliyoko kwenye kompyuta ya doña Nimia niliiweka mimi. Iko kwenye diski yangu, na kila asubuhi akiiwasha anawasha kitu changu. Watu wamelisahau hilo. Pili, Digno aliitoa diski bila idhini. Nimelisogeza juu jina lake nyuma ya daftari, limekuwa la kwanza.

Asubuhi Rosalba alimwandikia Kware kumweleza jinsi yule Digno alivyojitwalia sifa ya kazi ya mtu mwingine, mtu mwenye kipaji, mwenye moyo. Sikutaja zaidi. Kware ndiye rafiki pekee anayenisikiliza mpaka mwisho.

Amejibu baada ya misa. Hakusema neno juu ya Digno, ana heshima zake. Badala yake ameandika hivi:

"Bibi Rosalba, nakutumia kitabu kilichonifikia juzi Ijumaa. Kimeandikwa na mtu wa huko kwenu. Anaeleza vizuri kuliko wote niliowahi kusoma. Kasoro yake ni moja tu, ana haraka. Ukimwona, mwambie awe anaweka nakala."

Nikakifungua. Linux kwa Watu wa Kawaida. Kurasa mia mbili na kumi! Lile kosa langu la ukurasa wa themanini na nane lipo. Hata orodha ya vitu vya kununua ya Blásida niliyoisahau mwishoni, mayai, jibini, wanga wa muhogo, ipo!

Nilisimama, nikakaa, nikasimama. Sijawahi kumpa mtu kitabu hiki. Sijawahi kukitoa nyumbani mpaka wiki hii. Kwa hiyo jibu ni moja tu: kitabu changu kimevuma. Kimetoka chenyewe, kama vitu vikubwa vinavyotoka, kinapita mkono kwa mkono, pengine Bogotá, pengine Lima, mpaka kimemfikia Kware, ambaye huenda anakaa mbali sana. Blásida alisoma barua juu ya bega langu, akafungua mdomo, akaufunga. Akaenda kukuna jibini. Wivu hata nyumbani.

Mwandishi wa kimataifa hawezi kukaa bure. Padri Anastacio analalamika kwamba kompyuta ya redio ya parokia imejaa virusi, na ndani yake mna misa zote na sauti za kwaya tangu miaka ya tisini. Nimemwahidi Jumatano, wakati wa usingizi wa mchana. Nakala sitaweka. Mashairi mazuri ya kwaya wanayajua kwa moyo.

Nitafunga diski mbili kwenye waya mmoja. Suala la vyeo nimelifikiria sana, na kusema kweli halinipendezi, sioni sababu ya mtu kuitwa mfuasi. Zote mbili nitazipanga kuwa viongozi.